Koti la Mlangoni

Kwa nini koti ambalo mtu alilivaa kila Ijumaa halina mkunjo hata mmoja kwenye viwiko?

Swali hilo lilinijia siku chache kabla ya Idi, nimelilaza koti la babu juu ya baraza la daka letu, nalipiga burashi. Daka ni ule ukumbi mdogo wa mlangoni, baina ya njia na nyumba, wenye mabaraza ya mawe kulia na kushoto. Nyumba nyingi za Mji wa Kale bado zinalo. Koti lilikuwa la sufu, kijivu cha kukolea, ukosi mwembamba, vifungo vya pembe. Bega la kulia lilikuwa limepauka kwa jua mpaka likafanana na jivu la mkaa. La kushoto lilikuwa na rangi ile ile liliyotoka nayo kwa fundi. Kwapani hapakuwa na doa la jasho, na hapa ni Mombasa, ambapo mtu hutota akiwa amekaa tu akingoja chai.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada, bila kazi, na mazoea mabaya ya kuuliza kila jambo limetoka wapi na linamfaa nani. Mara nyingi jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kuuliza, na watu walinichoka kwa hilo. La viwiko sikuwa na jibu lake. Nilimaliza kupiga burashi, nikaliangika koti kwenye chango chake, kile kigingi cha mbao kilicho ndani tu ya mlango, upande wa kulia, mahali ambapo mpita njia yeyote akigeuza shingo hulikuta likimtazama.

Bibi hakuruhusu liangikwe pengine. Hakuruhusu lifuliwe, wala liingizwe ndani zaidi ya daka. Alisema ni koti la babu yetu, kwamba marehemu alikuwa mtu wa Ijumaa na koti lake, na kwamba maradhi yalimchukua babu wakati baba yetu yu bado wa kubebwa. Picha za babu, alisema, ziliharibika kwa unyevu. Baba naye alikuwa amefariki tukiwa shuleni, na mama ameolewa tena Lamu, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: bibi, kaka yangu, na mimi. Na koti.

Kaka yangu alilichukua koti hilo akamtengenezea mtu wa kuliingia. Sijui nitumie neno gani jingine. Siku za kazi alikuwa karani kwenye ofisi ya mizigo Mbaraki, akivaa shati kama kila mtu. Kisha akaanza kutazama mitandaoni wanaume wa nchi za watu wanaovaa kama babu zao, makoti ya zamani, saa za mnyororo, kofia za kuinamisha kidogo, na siku moja akatambua kwamba sisi tunayo yetu. Kanzu nyeupe iliyotiwa wanga, koti juu yake, kofia ya viua iliyodariziwa kwa mkono, makubadhi, bakora. Wanaume wa mji huu walitembea hivyo hadi msikitini na hadi forodhani, na nitasema kweli, walipendeza. Kaka naye alipendeza. Ana urefu, ana shingo, na anajua kusimama. Angeishia hapo nisingekuwa na neno.

Hakuishia hapo. Alianzisha darasa. Kila Jumamosi alasiri vijana wa Mji wa Kale, na wengine kutoka Mbaraki na Tudor, walikuja kukaa ukumbini kwetu wafundishwe uungwana. Namna ya kutoa salamu bila kuikatiza katikati kama anayekimbilia feri. Namna ya kumuulizia mtu hali ya nyumba yake bila kumtaja mkewe. Kwamba mwanamke akipita unampisha upande wa ukuta na wewe unabaki upande wa mfereji. Kwamba mzee akiingia unasimama, na hukai mpaka aseme "stareheni". Kwamba hufungi mlango ukimwachia mzee mgongo, kwani ni kama kumwambia umemaliza naye. Alirekodi kila kitu kwa simu, na kila somo lilianza na babu. Babu yangu hakuwahi kuinua sauti. Babu yangu alisimama kwa kila mwanamke. Babu yangu, babu yangu. Mtu ambaye hakuwahi kumwona hata kwenye picha.

Ushahidi wake mkubwa ulikuwa salamu za njiani, na hizo zilikuwa za kweli, nilizijua tangu utotoni. Wazee wa mtaa wetu, wakipita kwenda msikitini, kila mmoja akifika mbele ya daka letu hugeuka na kusema kwa sauti kubwa, "Salaam aleikum, bwana." Nilipokuwa mdogo nilidhani wananisalimia mimi, nikawa naitikia, nao hunitabasamia. Lakini macho yao hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye koti. Nilipokua nikaona ni uzee tu, watu wanasalimia nguo ya maiti. Kaka aliona jambo jingine. "Mtu amekufa miaka yote hiyo," aliwaambia vijana wake, "na bado anatolewa salamu mlangoni kwake. Hiyo ndiyo heshima. Mnataka heshima ya namna gani nyingine?"

Vijana wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia kila kitu, kwa sababu kanzu za waungwana hazijifui. Nilizifua mimi, nikachemsha wanga mimi, nikapiga pasi mimi, nikazifukiza udi juu ya tege la kufukizia mimi, huku mtu ukumbini akieleza kwamba muungwana humwondolea mwanamke mzigo. Siku moja nilitoka na beseni la nguo nikasimama katikati ya darasa nikawauliza ni nani kati yao ajuaye wanga huchemshwa kwa muda gani. Walisimama wote kwa pamoja, vizuri mno, kwa kuwa mwanamke ameingia. Hakuna aliyepokea beseni.

"Mdogo wangu ana elimu," kaka aliwaambia, na wakacheka kwa adabu.

Nilichoshindwa kumsamehe, hata hivyo, ni siku ya bibi.

Bibi alikuwa amevuka themanini. Goti la kushoto lilikuwa halimsikii tena na ngazi zetu ni za kale, nyembamba, za mawe. Alasiri hiyo alishuka kuja kuchukua uzi wake, akapita ukumbini, vijana wakasimama. Lakini hawakusimama pamoja. Wawili walichelewa, mmoja alikuwa na kikombe mkononi. Kaka hakupendezwa. Alimwendea bibi, akamshika mkono taratibu kama anayebeba yai, akamwambia, "Bibi yangu, samahani, rudi kidogo uingie tena."

Bibi alidhani amesahau kitu. Akarudi, akaingia. Vijana wakasimama, safari hii makubadhi ya mmoja yakapiga kelele. "Tena, bibi, tafadhali." Akarudi tena, akaingia tena, akasema "stareheni" kama inavyopasa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemtaka radhi mwenye nyumba. Nilipofika kutoka jikoni alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, kanga imeshuka begani, na kaka ameinua simu kutafuta mwanga mzuri.

Nilimchukua bibi nikampandisha juu. Nilipoteremka nilimwambia kaka maneno ambayo sitayaandika hapa, mbele ya vijana wake wote, na kwa sauti iliyofika hadi nyumba ya pili. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma. Kisha akawageukia.

"Mmeona?" akasema. "Mtu akikasirika mbele yako, humjibu. Unangoja."

Hapo ndipo nilipojua kwamba ghadhabu yangu haina mahali pa kumshika. Kila nilichomrushia alikigeuza somo. Adabu yake ilikuwa imepakwa mafuta. Usiku huo nilimuuliza bibi kwa nini anakubali, akanijibu kwamba mtoto anacheza, mwache acheze, mradi hagusi kitu.

Aligusa.

Alikuwa amepanga matembezi aliyoyaita Alasiri ya Waungwana. Vijana wote wa darasa wangevaa mavazi ya babu zao na kutembea kwa safu Mama Ngina, kutoka mwanzo wa ile barabara ya pwani hadi mwisho wake, na wapiga picha wangekuwepo. Yeye angetangulia mbele amevaa koti la babu. Siku ya Ijumaa, baada ya kula, alikaa miguuni pa bibi akamwomba. Nilikuwepo, naosha vyombo upenuni, na nitakuwa mwadilifu: sijapata kusikia mtu akiomba kitu kwa uzuri kama ule. Alianza na dua kwa marehemu. Akasema ni heshima ya ukoo. Akasema litatoka alasiri tu na kurudi kabla ya magharibi. Akambusu mkono, mbele na nyuma.

Bibi hakuinua hata macho kwenye kofia aliyokuwa akiitoboa viua.

"Koti halitoki," akasema.

Kaka aliomba tena, kwa maneno mengine, mazuri zaidi. Bibi akasema hapana. Akaomba mara ya tatu. Bibi akamwambia, kwa lile jina la kumdekeza alilomwita tangu utotoni, "Babu, n'shasema. Nguo zote za nyumba hii ni zako. Hilo halitoki mlangoni." Kaka akainama, akamshukuru, akaondoka. Nilifurahi, nisifiche. Nilidhani kwa mara ya kwanza mtu amemwambia hapana na limekwisha.

Jumatano asubuhi niliposhuka kufungua mlango chango kilikuwa kitupu. Kaka alikuwa ametoka alfajiri. Sikumwita bibi, lakini alikuja mwenyewe, akashuka ngazi moja moja, akasimama kukitazama kile kigingi. Alinyoosha mkono akaufunga mlango mkubwa, wote, pande zote mbili, akasukuma komeo.

Nyumba za mtaa wetu hazifungwi mchana. Mlango huachwa upande mmoja wazi kwa ajili ya upepo, na anayekuja hupiga hodi kutoka njiani, angoje aitikiwe. Kuanzia Jumatano hiyo nyumba yetu ilikaa gizani hata saa sita mchana, joto limejaa kama tanuri la mkate. Jirani yetu wa nyumba ya pili, bibi wa rika moja na bibi yangu, aliyezoea kutuletea mahamri ya asubuhi, ilimbidi agonge kwa jiwe. Alipoingia na kuona chango kitupu akamtazama bibi, bibi akamtazama. Nilimuuliza bibi anaogopa nini. Akasema haogopi. Nikamuuliza mbona mlango umefungwa. Akasema, "Kwani ni lazima uwe wazi?"

Usiku kaka alirudi bila koti. Nilimngoja ukumbini nikamuuliza liko wapi. Liko kwa fundi, akasema, kwa sababu limembana mabegani, babu alikuwa mtu mdogo wa mwili kumbe. Alisema hivyo kwa mapenzi, kama anayegundua jambo zuri juu ya mtu.

"Ulimwomba bibi?"

"Uliniona nikimwomba."

"Akasemaje?"

"Alikataa."

"Sasa?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na ni mshangao huo unaonikasirisha hadi leo kuliko wizi wenyewe. "Lakini nilimwomba vizuri," akasema.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Hakuwa akidanganya. Kwake yeye, ombi lililoombwa kwa utaratibu wake wote, na dua yake, na busu lake mkononi, lilikuwa limelipa. Kilichobaki ni kuchukua. Neno la bibi lilikuwa sehemu ya sherehe, kama "stareheni": linasemwa, halafu kila mtu anafanya alichotaka kufanya. Watu hawa wanafundishwa namna mia za kumfikia mwanamke na hawafundishwi hata moja ya kugeuka na kwenda zao akisema hapana. Niliwahi kudhani hilo ni upungufu wa darasa. Sasa naona ndilo darasa lenyewe.

Jumamosi vijana walikuja nyumbani kuchukua kofia na bakora zao, ambazo kaka alikuwa amezihifadhi kwetu. Niliwafungulia nikawaacha wapange safu zao, nikatangulia Mama Ngina, kwa kuwa nilikuwa nimeamua kulitoa koti lile mgongoni mwa kaka yangu hata kama itanibidi nilivute mbele ya wapiga picha. Nilimwambia mmoja wao afunge mlango wakitoka, na kwanza abishe hodi juu ili bibi ashuke atie komeo. Aliweka mkono kifuani akainama.

Mama Ngina ilikuwa imejaa kama kawaida ya Jumamosi. Familia zimetandika mikeka, wauza muhogo wanakaanga na kunyunyiza pilipili na ndimu, watoto wanakimbia na madafu. Waungwana wakaja. Siwezi kukataa kwamba watu waliwapisha na kuwatazama. Kanzu zilizokuwa mikononi mwangu usiku uliotangulia ziling'aa, kila mkunjo mahali pake. Mbele alikuja kaka, ndani ya koti la kijivu, bega moja limepauka na jingine limekolea, na hata wapiga picha walilipenda hilo, walisema linaonyesha umri. Mwanamke mmoja muuza muhogo aliniambia, "Mwenyezi Mungu amlinde aliyemlea huyo." Nikamwambia amelelewa na bibi yetu, na kwamba nguo aliyovaa ameiba. Akacheka, akanitilia pilipili zaidi.

Nilimfuata kaka hadi mwisho wa safu. Nilimwambia avue. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba picha bado. Nikamwambia avue sasa. Akawaomba wapiga picha radhi kwa niaba yangu, akaniambia nikae kivulini, atamtuma mtu aniletee dafu. Nilisimama pale pale, nikila muhogo kwa hasira mpaka midomo ikawaka moto, hadi alipomaliza. Hapo akalivua mwenyewe, akalikunja ndani nje kama inavyotakiwa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilipanda tuktuk kurudi. Tangu kona ya mtaa niliona mlango wetu umefunguka pande zote mbili, mpaka ukutani.

Bibi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tatu, ndani, kanga mbili kichwani kana kwamba ni baridi. Jirani alikuwa karibu naye amemshika mkono. Nilipouliza, alinijibu jirani. Vijana walikuwa wametoka mmoja mmoja, kila mmoja amemuaga bibi kutoka chini ya ngazi kwa salamu kamili, na hakuna aliyefunga mlango, kwa sababu walifundishwa kwamba hufungi mlango ukimwachia mzee mgongo. Bibi alikuwa juu, ametoka kuoga, anapaka nywele mafuta, akidhani wamefunga kama nilivyowaambia. Kisha akaja dalali wa nyumba, yule ambaye kwa miezi alikuwa akipita njiani akiulizia kama nyumba yetu inauzwa, siku zote kwa kusimama nje na kuita hodi. Siku hiyo aliita hodi mara moja, akaingia daka, akaingia ukumbini, akapanda ngazi. Bibi alimwona mlangoni mwa chumba chake, naye kichwa wazi.

Hakumgusa, wala hakumtukana. Jirani alisema mtu huyo alikuwa na maneno mazuri sana. Alimsalimia bibi, akamuulizia afya, akamwambia mwanamke mpweke hafai kubaki na jumba kubwa namna hii, na akasimama pale akieleza mpaka jirani aliposikia na kuja kumtoa.

"Leo ameingia mtu," bibi akaniambia. Alisema kama anayetoa habari ya msiba. "Tangu nimekaa nyumba hii, leo ameingia mtu."

Nilimpa koti. Alilipokea magotini, akalipapasa ukosi, akashuka kwenye mabega, na vidole vikasimama. Fundi alikuwa amefumua mshono wa bega, akatia vipande vya kitambaa kingine pande zote mbili, na mikono ameiteremsha. Bibi alipitisha kidole juu ya kile kipande kipya, akakirudia, akakirudia.

"Lirudishe kama lilivyokuwa," akasema.

Nilimwambia litarudi kwa fundi Jumatatu. Akasema hapana, sasa. Basi tukakaa chini ya taa, mimi na jirani na wembe na sindano, tukafumua. Kazi ya kofia imempa bibi jicho ambalo uzee haukuliondoa, aliona kila tundu la mshono wa kwanza na kutaka uzi upite humo humo. Nilichoka. Nilimwambia, kwa ukali nadhani, kwamba koti likiwa jembamba halitamfaa mtu yeyote katika ukoo huu, nani atalivaa?

"Halivaliwi," bibi akasema. "Linakaa."

Jirani akainamia sindano yake. Nilikuwa na ghadhabu nyingi mno za kugawa siku ile, kwa kaka, kwa dalali, kwa vijana wenye mikono vifuani, na sikubakiwa na nafasi ya kuuliza maana ya neno hilo. Koti lilirudi kwenye chango kabla ya kulala. Asubuhi bibi alifungua mlango upande mmoja. Mzee wa kwanza kupita akageuka, akalitazama, akasimama kidogo zaidi ya kawaida yake. "Salaam aleikum, bwana," akasema, kwa sauti iliyosikika hadi dukani. "Tulikukosa." Nilidhani akili zinamwacha.

Siku mbili baadaye kaka alikuja kuomba radhi. Alileta halwa na vikuba vya asumini, akavaa kanzu nzima, akapiga magoti, na simu yake ameisimamisha juu ya rafu imeelekezwa kwao. Bibi alimsikiliza mwanzo. Kisha akamkata.

"Iondoe ile, babu. Halafu niombe."

Kaka aliinuka, akaiondoa simu, akairudisha mfukoni, akapiga magoti tena. Nilikuwa mlangoni, nikamwona akitafuta pa kuanzia. Mwishowe akamuuliza bibi kama amekwisha kula. Bibi akasema bado. Akaenda jikoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaniuliza sukari inakaa wapi. Nilimwonyesha kwa kidole. Sikumwambia karibu.

Dalali hakuingia tena. Alirudi kusimama njiani.

Bibi alifariki kwa utulivu, nyumbani, na mlango ukiwa wazi upande mmoja kwa upepo. Kaka anaendelea na darasa lake, sasa ana vijana wengi zaidi, na koti lile bado analitaja ingawa sasa liko kwangu, kwenye chumba ninachopanga Mbaraki, nimeliangika ndani tu ya mlango upande wa kulia. Ananiomba picha yake kila mwaka, kwa maneno mazuri. Nakataa. Nilichoambiwa na jirani sijamwambia, kwa sababu namjua: kufikia Jumamosi kitakuwa somo, na kitakuwa na muziki nyuma yake.

Jirani aliniambia muda mrefu baada ya khitma, siku nilipokwenda kumtazama, naye hakuwa tena na mtu wa kumlindia siri. Babu hakufa. Aliondoka baba akiwa bado wa kubebwa, hakuaga, na hakurudi, na bibi alibaki ndani ya nyumba ile msichana mwenye mtoto, na wanaume wakaanza kupiga hodi wasingoje kuitikiwa. Jirani ndiye aliyempima, chumbani, kwa uzi, mabega na mikono, mabega ya bibi mwenyewe kwani hapakuwa na mengine ya kupima, akaupeleka uzi kwa fundi, na fundi hakuuliza ni wa nani. Koti lilipoangikwa, wanaume wa mtaa walikubaliana bila kuitisha kikao kwamba atakayepita atalitolea salamu kwa sauti, ili mgeni yeyote aliye njiani asikie kwamba mwenye nyumba yupo. Walifanya hivyo hadi wakazeeka. Mtu wa kwanza kulivaa koti lile, tangu lishonwe, alikuwa kaka yangu, alasiri ile ya Mama Ngina.